Lindo Halinunuliwi

Katika jela za kaunti kule Marekani, kijana anayeomba kazi ya kulinda mahabusu kwa kawaida huandikwa kazi kwanza, kisha ndipo hufundishwa. Ofisi ya sherifu humpima afya, humpekua maisha yake ya nyuma, humpokea kama kuruti na kumpeleka chuoni huku mshahara wake ukiwa umeshaanza kuhesabika. Kwetu utaratibu haupishani sana na huo. Kuruti wa Magereza anayefunzwa Ruiru nchini Kenya, Kiwira nchini Tanzania au Luzira nchini Uganda hulishwa, hulazwa na huvishwa kwa fedha za umma, na mara nyingi matangazo ya nafasi hizo huonya kwamba usajili ni bure na kwamba atakayetoa au kupokea hongo atashtakiwa. Sasa mtazame kijana huyohuyo, mwenye kimo kilekile, cheti kilekile cha sekondari na kilekile cha mwenendo mwema, anapokosa nafasi Ruiru na kuamua kwenda kulinda Dubai. Kuanzia siku hiyo mambo yanapinduka. Yeye ndiye anayelipa: ampe wakala chake, agharimie vipimo, anunue tiketi, na mara nyingine alipie hata mafunzo ya kazi ambayo faida yake itakwenda kwa mtu mwingine. Ninachodai katika makala haya ni jambo moja. Mtu anayeandaliwa kulinda watu na mali zao hapaswi kuinunua nafasi hiyo, na serikali zetu za Afrika Mashariki zina uwezo wa kulifanya hilo liwe la kweli kuliko zinavyokiri.

Nimechagua kulitazama suala hili kutoka International City kwa sababu huko linaonekana bila pazia. Ni mtaa uliojengwa na kampuni ya Nakheel katika eneo la Al Warsan, nje kidogo ya kitovu cha Dubai, ukagawanywa katika vitongoji vyenye majina ya nchi: China, Uingereza, Ufaransa, Urusi, Uhispania, Italia, Ugiriki, Uajemi, Moroko na kadhalika. Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za Kichina, liko jirani. Kodi yake ni nafuu ukilinganisha na ya Marina au ya katikati ya jiji, na ndiyo maana Wakenya na Waganda wengi huanzia maisha hapo, aghalabu kwa kupanga kitanda wala si chumba. Baadhi yao ni walinzi ambao tayari wana kazi. Wengine wameingia kwa viza ya matembezi na wanapita kampuni moja hadi nyingine na wasifu wao mkononi, siku zikihesabika. Viza ikiisha kabla kazi haijapatikana, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Si mbali na hapo, upande wa Al Awir, ndiko iliko jela kuu ya Dubai, na ndiko palipofunguliwa mahema ya kuwapokea waliopitisha muda wa viza wakati wa msamaha wa mwaka 2024, uliodumu kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba. Umbali kati ya kuomba kazi ya kulinda na kuwa mtu wa kulindwa, kwa kijana asiye na akiba, ni mfupi kuliko tunavyopenda kufikiri.

Lazima niseme jambo la haki kuhusu Dubai kabla ya kuendelea, maana wengi huandika kuhusu Ghuba kana kwamba huko hakuna sheria. Zipo, na nyingine ni kali kuliko za kwetu. Sheria Na. 12 ya mwaka 2016 iliiweka sekta nzima ya ulinzi wa Dubai chini ya mamlaka inayojulikana kwa herufi zake, SIRA. Hakuna anayeruhusiwa kusimama lindoni bila kupitia mafunzo, kufaulu mtihani na kupewa kibali. Mlinzi hufundishwa namna ya kuhamisha watu jengo likiwaka moto, ya kutoa huduma ya kwanza, ya kuandika taarifa ya tukio, na mahali mamlaka yake yanapoishia na ya polisi yanapoanza. Kuhusu fedha za usajili, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Amri ya Shirikisho Na. 33 ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema wazi katika kifungu cha 6 kwamba mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Kwa hiyo kule kazi inakofanyika, jibu la sheria limeshatolewa. Ila fedha hazilipwi kule. Zinalipwa Nairobi, Mombasa na Kampala, kwa mkono, kwa simu, kwa jina la ada ya ofisi au ya usaili, mbali kabisa na macho ya mkaguzi wa kazi wa Dubai. Sheria ya nchi moja inakataza malipo yanayofanyika katika nchi nyingine, na katikati ya hizo mbili ndipo wakala anapokalia kiti.

Tupige hesabu, kwa kuwa hapa hesabu inasema mengi. Matangazo mengi ya kazi ya ulinzi Dubai hutaja mshahara wa dirhamu 2,262 kwa mwezi kwa zamu ya saa 12, siku sita kwa wiki. Dirhamu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725, hivyo fedha hizo ni kama dola 616, chini kidogo ya shilingi 80,000 za Kenya kwa viwango vya karibuni. Ni fedha nzuri machoni pa mlinzi wa Nairobi. Mwaka 2024 mamlaka ya usimamizi wa ulinzi binafsi Kenya ilipotangaza kima cha chini cha shilingi 30,000, baadhi ya waajiri walikwenda mahakamani kupinga, na hilo pekee linatosha kueleza kwa nini vijana wanapanga foleni kuondoka. Lakini gawanya zile dirhamu 2,262 kwa saa 312 za mwezi, utapata dirhamu 7 na robo kwa saa, yaani chini ya dola 2. Ndani yake itoke chakula, simu, sabuni na cha kutuma nyumbani. Tuseme sasa wakala ametoza shilingi 150,000, na kijana amezipata kwa kuuza ng'ombe, kuweka rehani hati ya shamba la baba yake au kukopa kwenye chama kwa riba. Akiweza kurudisha shilingi 40,000 kila mwezi, jambo linalohitaji nidhamu ya ajabu, atafanya kazi karibu miezi minne kabla ya shilingi ya kwanza kuwa yake. Kipindi cha majaribio chini ya sheria ile ya 2021 kinaweza kufika miezi sita. Maana yake ni kwamba anaweza kuachishwa kazi katika miezi ileile anayolipa deni, arudi nyumbani mikono mitupu, na shamba liwe limekwenda.

Kama jambo lingeishia kwenye umaskini wa mlinzi mwenyewe, lingekuwa la kusikitisha vya kutosha. Haliishii hapo. Kinachonisukuma kuliandikia ni kile ambacho deni humfanyia mtu aliyepewa mamlaka juu ya wenzake. Mlinzi, kama askari magereza, huajiriwa ili awe na uwezo wa kukataa. Akatae kumfungulia mgeni asiyestahili kuingia, akatae hongo, akatae kumpiga mtu aliyemkamata, akatae kufunga mlango wa dharura hata msimamizi wake akimwamuru ili kupunguza wizi wa bidhaa. Uwezo huo wa kukataa ndio sehemu kubwa ya thamani yake. Kusimama tu mlangoni hata sanamu inaweza. Mtu mwenye deni la miezi minne, anayeishi kwa viza iliyo mikononi mwa mwajiri na kufanya kazi kwa kibali kilichoombwa na mwajiri huyohuyo, hawezi kukataa neno. Ataona kisanduku cha kengele ya moto kibovu na atanyamaza. Ataona mwenzake anachukuliwa pasipoti na atanyamaza pia.

Ushahidi wa hili haukosekani, na mwingine umetoka mahali pasipotarajiwa. Novemba 2019 Benki Kuu ya Norway, inayosimamia mfuko mkubwa wa akiba wa taifa hilo, iliiondoa kampuni ya ulinzi ya G4S katika uwekezaji wake. Baraza la maadili la mfuko huo lilikuwa limechunguza hali ya wahamiaji walioajiriwa na kampuni hiyo Qatar na Falme za Kiarabu, na likakuta wafanyakazi waliolipa ada ili kupata kazi, waliofika wakiwa na madeni, waliokuta mshahara ni mdogo kuliko walioahidiwa, na wengine ambao pasipoti zao zilishikiliwa. Walioamua hivyo hawakuwa wanaharakati. Walikuwa watu wa fedha, na walichokiona ni hatari ambayo hawakutaka kuiweka katika vitabu vyao. Miaka michache baadaye, Aprili 2022, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu walinzi wa Qatar, nchi ikijiandaa kwa Kombe la Dunia, nayo ikaeleza zamu ndefu, siku za mapumziko zilizonyimwa na adhabu za kukatwa mshahara. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi huko na aliyeandika mtandaoni kuhusu maisha ya walinzi wenzake, alikamatwa Mei 2021, akawekwa kizuizini peke yake kwa wiki kadhaa, na hatimaye akatozwa faini. Yeye alipaza sauti. Swali langu ni wangapi walioona aliyoyaona wakashindwa kusema kwa sababu nyumbani kuna mtu anasubiri marejesho.

Mfano mzito kuliko yote ni wa vijana wa Sudan. Mwishoni mwa 2019 mamia yao waliajiriwa kwa ahadi ya kuwa walinzi katika Falme za Kiarabu na kampuni ya Black Shield ya huko. Waliwekwa kambini, wakafunzwa silaha, na Januari 2020 baadhi wakajikuta Ras Lanuf, Libya, karibu na mitambo ya mafuta, katikati ya vita visivyowahusu. Familia zao ziliandamana Khartoum, na vijana wakarudishwa. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari zao kwa kirefu baadaye mwaka huo. Wapo watakaosema hilo ni tukio la kipekee, na ni kweli kwamba halitokei kila siku. Lakini linaonyesha kitu kinachotokea kila siku kwa kiwango kidogo: kuruti anayeondoka nyumbani bila kujua kwa hakika atalinda nini, wapi na kwa amri ya nani, huku gharama za kugeuza nia zikiwa kubwa kuliko anavyoweza kubeba. Waganda waliokwenda Iraq kuanzia mwaka 2005 waliyajua hayo mapema. Walipoanza kulinda kambi za Wamarekani mshahara ulikuwa kama dola 1,000 kwa mwezi. Idadi ya waombaji ilipozidi na kampuni kushindana kwa bei, ukashuka hadi chini ya nusu ya hapo, na watu wakaendelea kwenda.

Na tunaposema kwamba kununua nafasi ya kazi kunaharibu kazi yenyewe, hatuhitaji kwenda Ghuba kupata hukumu. Julai 2014 Kenya ilisajili makuruti 10,000 wa polisi kwa siku moja nchi nzima. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilikusanya ushahidi wa rushwa na dosari, ikaenda mahakamani, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaufuta usajili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo. Hukumu hiyo iliwaumiza vijana wasio na hatia, na ilikuja wakati nchi ina njaa ya askari kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi. Hata hivyo majaji waliona kwamba askari aliyelipia nafasi ni hatari kuliko upungufu wa askari. Kila Mkenya anaelewa bila kufafanuliwa: aliyenunua sare atazirudisha fedha zake kwa raia. Tunakubali mantiki hiyo kwa polisi na kwa askari jela. Sioni sababu ya kuitupa pale sare inapokuwa na nembo ya kampuni na lindo likawa Dubai.

Hapa nitakutana na pingamizi la kwanza, kwamba ninamkuza mlinzi kupita kiasi. Anafungua geti, anaandika namba za magari, anamwelekeza mgeni kwenye lifti. Hana funguo za selo. Ni kweli hana, lakini mpaka kati ya kazi hizo mbili ni mwembamba, na kampuni zenyewe huuvuka. G4S hiyohiyo iliyowaajiri walinzi wa Ghuba ilikuwa ikiendesha kituo cha kuwazuilia wahamiaji cha Brook House, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza. Mwaka 2017 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizopigwa kwa siri za wafanyakazi wakiwatukana na kuwadhuru waliozuiliwa. Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Kate Eves ulitoa ripoti yake Septemba 2023 na kubaini matukio 19 ya kuwatendea watu vibaya ndani ya miezi mitano tu, katika kituo chenye upungufu wa wafanyakazi na utamaduni uliooza. Siwalinganishi walinzi wetu na watu wale. Ninachosema ni kwamba namna kampuni inavyowapata watu wake, inavyowafunza na inavyowalipa huonekana baadaye kwenye mikono ya watu hao. Na mlinzi wa jengo la ghorofa International City, usiku wa saa tisa moshi unapotanda ngazini, ana maisha ya familia nyingi mikononi mwake kuliko askari wa selo moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na nalisikia hata kutoka kwa vijana wenyewe. Wanasema: mimi ni mtu mzima, najua ninachofanya, nalipa ada ya wakala kama nilivyolipa karo ya chuo, ni uwekezaji. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wanakataa kuonekana kama watoto waliodanganywa. Lakini karo ya chuo humpa mtu cheti ambacho ni chake mpaka kaburini. Anayelipia nafasi ya ulinzi Dubai hapati kitu kinachobaki mkononi mwake; viza ni ya mwajiri, akiachana naye inafutwa, na kibali cha ulinzi nacho ni lazima mwajiri mwingine akiombe upya. Amelipia kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba anaweza kumtoa usiku wowote. Tena soko hili halina bei inayojulikana. Wawili walioketi viti vya jirani katika ndege moja, wakienda kampuni moja kwa mshahara mmoja, wanaweza kuwa wamelipa viwango viwili tofauti kabisa, kwa kuwa kilichopimwa ni shida ya kila mmoja. Uwekezaji ambao bei yake hupanda kadiri mnunuzi anavyozidi kuwa na dhiki hauna uhuru mwingi ndani yake.

Wenye kampuni za uwakala wana hoja yao pia, na si ya kupuuza. Wanapangisha ofisi, wanaweka dhamana serikalini, wanasafiri kutafuta mikataba. Wakikatazwa kumtoza mwombaji watafunga, na nafasi zitachukuliwa na Wanepali na Wahindi. Nianze na hili la mwisho. Nepal ilitangaza tangu 2015 kwamba mwajiri wa nchi za Ghuba na Malaysia atalipa viza na tiketi, na wakala asitoze zaidi ya rupia 10,000 za huko. Hawakupoteza soko kwa tangazo hilo. Ethiopia nayo, iliyouridhia tangu 1999 ule mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 181 unaokataza wakala kumtoza mfanyakazi ada, iliandika katika sheria yake ya 2016 kwamba viza, nauli ya kwenda na kurudi, kibali cha kazi na bima ni juu ya mwajiri. Waajiri wa Dubai wanawataka walinzi wa Kenya na Uganda kwa sababu zao: Kiingereza chao, ukakamavu wao, na idadi kubwa ya wanawake waliofuzu, ambao wanahitajika kila penye ukaguzi wa wageni wa kike. Bidhaa inayotafutwa haina haja ya kulipia meza sokoni.

Kuhusu gharama, tuzipige tena. Tuchukulie kwamba kumsajili mlinzi mmoja kwa njia safi, pamoja na tiketi, viza, vipimo, mafunzo na faida halali ya wakala, kunagharimu dirhamu 5,000. Mkataba wa miaka miwili una takriban saa 7,500 za lindo. Gawanya, utapata fili 67 kwa saa, chini ya dirhamu moja. Hicho ndicho kiasi ambacho mteja, yaani mwenye jengo, hoteli au duka kubwa, angeongezewa kwenye bili ili mtu anayemlinda asifike na kamba shingoni. Kampuni za ulinzi hazikosi fedha hizo kwa umaskini. Zinazikosa kwa sababu wateja hununua ulinzi kwa bei ya chini kabisa na hawaulizi namna bei hiyo ilivyofikiwa, na mwisho wa mnyororo yupo mtu wa Bungoma au Masaka aliye tayari kuifidia tofauti hiyo kutoka mfukoni mwa ukoo wake.

Linabaki pingamizi ninalolihofia kuliko mengine, kwa kuwa historia iko upande wake: kwamba makatazo haya huishia kwenye karatasi. Nepal yenyewe ni ushahidi. Baada ya 2015 wafanyakazi wengi waliendelea kulipa mara kadhaa ya kiwango kilichowekwa, ila sasa bila risiti, au kwa risiti ya rupia 10,000 inayoficha malipo halisi. Katazo likasukuma malipo gizani na kumnyima aliyetozwa hata karatasi ya kudai. Nakubali. Kutangaza tu kwamba ada ni marufuku hakutoshi, na katika mazingira ya rushwa tuliyonayo kunaweza hata kumwongezea wakala mwanya. Kinachofanya kazi ni kumgeuzia mwajiri mzigo baada ya mfanyakazi kufika. Qatar iliposhinikizwa kuhusu Kombe la Dunia, kamati ya maandalizi iliwataka wakandarasi wawarudishie wafanyakazi ada walizolipa makwao, hata wasio na risiti, na mwajiri asipoweza kuthibitisha kwamba aligharimia mwenyewe alihesabiwa kuwa anadaiwa. Zaidi ya dola milioni 20 zilirudi mikononi mwa wafanyakazi kwa njia hiyo, kidogo kidogo kwenye mishahara yao. Mpango huo uliwagusa wachache tu kati ya wahamiaji wa nchi ile, na kasoro zake ni nyingi, lakini ulithibitisha kwamba inawezekana. Marekani nayo, baada ya amri ya Rais Obama ya Septemba 2012 na kanuni za manunuzi zilizoanza kutumika Machi 2015, ilikataza ada za usajili kwa yeyote anayefanya kazi chini ya zabuni za serikali yake, wakiwemo walinzi wa ng'ambo. Mnunuzi alisema sinunui, na wauzaji wakalazimika kusikia.

Kwa hiyo tunachopaswa kudai kina sura inayojulikana. Kenya na Uganda zina makubaliano ya kazi na Falme za Kiarabu, na makubaliano ya namna hiyo hupitiwa upya. Yatakapofika mezani, kiongezwe kipengele kinachotaja walinzi kwa jina, sio watumishi wa nyumbani peke yao ambao ndio hutajwa zaidi: kampuni itakayowachukua iweke katika mkataba kiasi ilichotumia kwa kila mtu, na mlinzi aulizwe upya baada ya miezi mitatu ya kuwapo kazini, faraghani na bila msimamizi wake, alilipa nini na kwa nani. Akitaja malipo, kampuni imrudishie. Kampuni ikikataa, fedha zikatwe kwenye dhamana ambayo wakala ameiweka nyumbani, na wakala asipewe kibali cha kupeleka mtu mwingine mpaka ameijaza. Dhamana hizo zipo tayari kisheria na zimekaa benki. Kazi ya kuuliza inaweza kufanywa na maofisa wa konseli zetu Dubai, ambao hawahitaji kusafiri mbali. Wakienda International City jioni ya siku ya mapumziko, na kwenye kambi za kampuni kule Al Quoz na Jebel Ali, watapata majibu ya kutosha kujaza daftari kabla ya usiku.

Kuna kundi moja ambalo mpango huu hauligusi, nalo lina watu wengi katika vile vitanda vya kupanga: waliokuja wenyewe kwa viza ya matembezi. Hao hawana wakala mwenye dhamana. Wana jamaa aliyewatangulia, mtu wa mtandaoni, au dalali aliyepokea chake na kuzima simu. Kuwakataza kusafiri hakutasaidia, maana tumeshaona marufuku za namna hiyo zikiwapitisha watu kwenye mipaka ya jirani. Ila wakipata kazi, sheria ya Falme za Kiarabu inawahusu sawasawa na wengine: mwajiri ndiye anayebeba gharama ya viza ya kazi, vipimo na kibali, na akikata fedha hizo kwenye mshahara wa kwanza amevunja kifungu cha 6. Wengi hawalijui hili. Wanatia saini karatasi ya makato na kuishukuru kampuni kwa kuwakubali. Kuwaeleza, kwa Kiswahili, kwa Kiganda na kwa Kiingereza, kabla hawajatia saini, ni kazi ya gharama ndogo ambayo konseli inaweza kuianza wiki hii bila kusubiri mazungumzo ya mawaziri, na ambayo kila mlinzi aliyekwisha kupata lindo anaweza kuifanya kwa jirani yake wa kitanda cha juu.